Unataka kulima mbaazi? Ngoja kwanza nikusimulie ya 2017

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji WhatsApp: "Bro shikamoo, naona bei ya mbaazi imechangamka, nataka nikodi eka kumi hapa Babati nipige hela, nipe muongozo." Nikacheka peke yangu mpaka mama watoto akauliza kuna nini, nikamsomea. Yeye hakucheka.

Maana huyo kijana ni mimi kabisa, mimi wa 2017.

Iko hivi. 2015 nilikuwa na eka mbili tu, mahindi nimeyachanganya na mbaazi kama wazee wa huku wanavyofanya miaka yote, mahindi unavuna mbaazi zinabaki shambani zinajitafutia unyevu chini huko mpaka mwezi wa tisa. Nikauza kilo shilingi 2,000. Elfu mbili! Nikapaua nyumba. 2016 bei ikashuka, nikasema itarudi tu. 2017 nikakodi eka 12 upande wa Gallapo, elfu 70 kwa eka, nikakopa kikoba milioni moja na nusu, na mahindi nikayatoa kabisa, mbaazi tupu. Tamaa bana.

Palizi na dawa nazirukia, mnazijua. Shamba lilipendeza, watu wakawa wanasimamisha pikipiki kuangalia. Mvua niliifuatilia, wadudu wa maua niliwafuatilia, kitu pekee ambacho sikukifuatilia ni Delhi.

Tarehe 5 Agosti, mbaazi zangu ndo zinakaukia shambani, serikali ya India ikatangaza kwamba mbaazi za kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka wa fedha. Kwao mavuno yalikuwa yamefurika, bei ya sokoni imedondoka chini ya ile ambayo serikali ilimuahidi mkulima wao, wakaamua kumlinda mtu wao. Na Machi walikuwa wameshaweka ushuru wa asilimia 10, hiyo ndo ilikuwa kengele, ila nani alikuwa anaisikia akiwa Gallapo? Wenzetu wa pwani wana mbaazi za nazi na mahamri asubuhi, sisi huku tunalima kitu ambacho wengi wetu hata hatukipiki, tunamsubiri Mhindi tu aje anunue.

Dalali akaja. Akachota kiganja kimoja kwenye gunia, akapuliza makapi, akang'ata punje moja. "Zimekauka vizuri hizi mzee. Mia tatu hamsini." Nikadhani utani. Na bado anataka lumbesa, gunia lishindiliwe mpaka lipitilize! Nikamfukuza. Magunia 41 nikayapanga sebuleni, mlango wa chumba cha watoto ukawa unafunguka nusu, wanapita kiubavu ubavu kwenda kulala. Januari yakawa yamebunguliwa, ukisogeza gunia unga unamwagika. Nikauza mia mbili kwa mtu wa chakula cha mifugo. Kikoba nilikimaliza 2019, na kuna ndugu wawili wa kikundi hatujarudi kusalimiana vizuri mpaka leo.

Sasa kinachoniuma zaidi si hicho. Baada ya kuvuna, kina mama wa jirani walibeba vijiti vya mbaazi kwa kuni wiki nzima, bure. Mbuzi wakala maganda. Majani yaliyopukutika yakafunika ardhi, mvua zilipoanza ule mteremko haukuchimbika korongo kama mashamba ya pembeni. Na chini kwenye mizizi kuna vinundu, ukipasua kimoja kilicho hai ndani chekundu, humo wamo bakteria wanaotoa naitrojeni hewani na kuitia udongoni. Mwenye shamba akachukua shamba lake, akapanda mahindi, akavuna vizuri kuliko miaka yote. Akaniletea debe moja nyumbani, anasema "umenitilia mbolea kijana." Nikapokea, ningefanyaje. Zile mbaazi zilimfaa kila mtu mpaka mbuzi, kasoro mimi niliyezilima.

Kuna nchi hiki kitu wanakihesabu. Uswisi 1996 wananchi walipiga kura ikaingia kwenye katiba kwamba kazi ya kilimo si chakula tu, ni kutunza ardhi na mandhari pia, na mkulima analipwa kwa hiyo kazi. Mimi siombi kulipwa kuni jamani. Ila mtu anayekaa mezani kuongea biashara kwa niaba yetu ajue anabeba nini, si magunia tu! Msumbiji walisaini makubaliano ya kuiuzia India mbaazi Julai 2016, mwaka mzima kabla, kwa hiyo lile katazo lilipokuja mbaazi zao zilikuwa na njia yake. Sisi tulikuwa tunapalilia.

Kwa hiyo mdogo wangu, usipande mbaazi tupu, changanya na mahindi. Usikope. Narudia, usikope. Ukikodi shamba usikodi msimu mmoja, kodi miaka mitatu ili mbolea yako uje uile mwenyewe kwenye mahindi, hili hakuna aliyeniambia. Na fuatilia India wamevuna kiasi gani. Walifungua tena Mei 2021, lakini ni ruhusa yenye tarehe ya mwisho, wanaisogeza mbele kila inapokaribia kuisha, siku wasiposogeza utanikumbuka. Mnasema siku hizi kuna stakabadhi ghalani, yaani unapeleka mazao ghalani unapewa risiti, halafu yanauzwa kwa mnada, sawa, lumbesa inapungua na dalali wa kung'ata punje anakosa kazi, lakini mnada hauwezi kumlazimisha mtu wa Mumbai anunue kama kwao wamemfungia.

Nikamjibu yule kijana: eka mbili, na mahindi ndani. Kanijibu, "Sawa bro, ila jirani yangu analima ishirini." Nimemwachia tiki za bluu.