Utarajali wa famasia: saa zisizosainiwa hazihesabiki

Utarajali ni mafunzo ya kazini chini ya msimamizi, kabla ya kusajiliwa kuwa mfamasia. Kabla ya kuripoti siku ya kwanza, pata uthibitisho wa maandishi wa mambo mawili: kituo kimeidhinishwa na baraza la famasia kupokea watarajali, na msimamizi wako ana leseni hai. Kuna watarajali waliofanya kazi miezi kadhaa wakaja kuambiwa muda ule haupo, kwa sababu kituo hakikuwa kwenye orodha au msimamizi alihama na baraza halikuarifiwa. Akihama, liandikie baraza barua wiki hiyohiyo. Nchi nyingi hudai takriban mwaka mzima, nyingine huhesabu kwa saa, na kurudia inauma.

Daftari la mafunzo lijaze siku hiyohiyo, lisainiwe kila wiki. “Nimetoa dawa” haionyeshi umejifunza nini. Andika hivi: “Methotrexate miligramu 10 kila siku, mgonjwa wa baridi yabisi. Kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki. Nimezuia, msimamizi amempigia daktari, cheti cha dawa kimerekebishwa.” Mistari mitatu tu, lakini inaonyesha umekamata kosa linaloweza kuua uboho wa mifupa na mgonjwa mwenyewe. Jina la mgonjwa lisionekane popote.

Mahesabu ndiyo huangusha wengi kwenye mtihani wa usajili, na si kwa ugumu wake. Mtoto wa kilo 12, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo: dozi ni miligramu 180. Dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, basi anapewa mililita 7.5. Makosa hutokea mtu anapochanganya mikrogramu na miligramu, au dozi ya siku nzima akaifanya ya mara moja. Andika kipimo, yaani miligramu au mililita, kila mstari. Ukipata mililita 75, jiulize ni mtoto gani atakunywa kiasi hicho, nukta imehama.

Nyaraka za usajili ni kazi ndogo, ila kagua majina. Herufi moja ikitofautiana kati ya cheti cha shahada na kitambulisho, faili husimama. Shughulikia kiapo cha majina mapema.

Na kufaulu mtihani bado si kusajiliwa. Mpaka jina liingie kwenye rejista na leseni iwe mkononi, wewe ni mtarajali. Ukiombwa ubaki peke yako dirishani “nusu saa tu”, kataa.