Meno ya Arusha: kabla hujakubali jino lichongwe

Ukiwa na meno ya kahawia, ukapanda daladala Dar es Salaam ukacheka, kuna mtu atakuuliza: "Wewe wa Arusha, eti?" Sisi tuliokulia upande wa Meru mkoani Arusha, kuanzia Usa River na Maji ya Chai mpaka Ngarenanyuki, swali hilo tumelizoea. Wapo wanaolijibu kwa utani. Wapo pia waliojifunza kucheka kiganja kikiwa mdomoni, na kwenye albamu zao za harusi hutaona jino hata moja. Sasa kliniki za meno zimejaa mjini, matangazo ya "tabasamu jipya" hayaishi kwenye simu, na kwa kuwa mimi meno yangu nimeyatengeneza, wadogo zangu na watoto wa majirani wananiuliza waende wapi, wafanye nini, ni shilingi ngapi.

Wote nawajibu kitu kimoja: anza na njia inayokula jino kidogo kuliko zote. Ikikuridhisha, ishia hapo hapo.

Ili jibu hilo lieleweke, lazima ujue rangi ile imetoka wapi. Mlima Meru ni volkano. Maji yanayopita kwenye miamba yake hubeba madini ya floridi, na Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Vipo visima na mito kwetu inayovuka kiwango hicho mara kadhaa. Kwa miaka mingi Tanzania yenyewe ilivumilia hadi miligramu 8, baadaye 4, maana katika maeneo mengi maji mengine hayakuwepo. Juu ya maji kuna magadi tunayotia kwenye makande, maharage na kiburu ili viive upesi. Magadi mengi yana floridi ya kutosha, na mtoto anayekula chungu kimoja na wakubwa anaipata yote.

Floridi hiyo huliharibu jino likiwa bado ndani ya fizi linajengwa. Meno ya mbele ya kudumu hujengwa tangu mtoto akiwa mchanga mpaka anapokaribia miaka mitano. Yakija kuota, huwa meupe yasiyong'aa, rangi ya chaki, na enameli yake, yaani gamba gumu la nje, ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kahawia huja baadaye: chai, mboga na vyakula vingine huingia kwenye vitundu hivyo na kukaa. Yaani sehemu ya tatizo ni rangi iliyoingia kutoka nje, na ndiyo sababu njia nyepesi zinafanya kazi kuliko watu wanavyodhani.

Hapo hapo kuna jambo linalowaumiza watu wetu. Mtu mzima anaambiwa meno yake yameharibiwa na floridi, basi anakimbilia dawa ya meno isiyo na floridi, au anaacha kabisa. Jino lililokwisha kuota haliharibiwi tena hivyo na floridi. Floridi ya kwenye dawa ya meno inagusa juu tu, inaimarisha enameli na kupunguza kuoza, na sisi wenye enameli yenye vitundu ndio tunaoihitaji zaidi. Mtu mzima apige mswaki kwa dawa yenye floridi mara mbili kwa siku, ateme, asisukutue kwa maji mengi. Basi.

Kuhusu kusugua, nitasema kidogo. Mchanga, majivu, mkaa wa kusaga, ndimu na magadi soda: vyote nimeviona nyumbani na shuleni, na sijaona hata kimoja kilichotoa doa la kahawia. Ndimu huyeyusha enameli, mkaa na mchanga huikwangua. Ukichanganya hivyo viwili umefanya kazi ya kuchonga meno yako mwenyewe bila ganzi wala daktari, na chini ya enameli kuna dentini, ambayo ina rangi ya njano zaidi. Mswaki wa mti sina ugomvi nao, ukiutafuna ukalainika na usiparure fizi.

Sasa kliniki. Daktari anayejua kazi yake hataanza na urembo. Ataangalia fizi kwanza. Kama zinavuja damu ukipiga mswaki, au kuna ukoga uliogandana nyuma ya meno ya chini, hivyo husafishwa kwanza, na matundu yaliyooza huzibwa. Mimi nilisafishwa, nikaonyeshwa namna ya kupitisha uzi katikati ya meno, nikaambiwa nirudi fizi zikitulia. Nilirudi meno yakiwa yameng'aa zaidi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu sehemu ya ule weusi ilikuwa ukoga na chai, wala haikuwa floridi. Ninawajua watu wawili watatu ambao safari yao iliishia hapo, na wakatumia hela iliyobaki kununua bati.

Baada ya hapo daktari alikausha meno yangu kwa upepo, akayamulika, akaniambia doa langu lina kina gani. Swali hilo la kina ndilo linaloamua yote. Kuna kipimo cha alama 0 hadi 9 kinachotumiwa na wataalamu, kilichotungwa na Thylstrup na Fejerskov mwaka 1978 baada ya kuchunguza meno ya watoto wa Tanzania, kwa hiyo mdomo wako si jambo geni kwenye vitabu vya udaktari. Alama za chini ni mistari na mawingu meupe. Za kati, jino zima lina rangi ya chaki na kahawia. Za juu, enameli imebanduka kwa vishimo, au jino limepoteza umbo lake. Mtu wa alama za chini hana sababu ya kuuziwa matibabu ya mtu wa alama za juu, ila huuziwa, kila siku.

Njia ya kwanza niliyofanyiwa ni ya kusugua kwa tindikali. Daktari hufunika fizi kwa mpira mwembamba, kisha husugua uso wa jino kwa mchanganyiko wa tindikali ya hidrokloriki na unga wa jiwe laini. Inayotoka ni ngozi ya juu ya enameli tu, sehemu moja au mbili kati ya kumi za milimita, na enameli ya jino la mbele ina unene wa karibu milimita moja. Haiumi. Najua utasema ndimu nimeikataza na hapa nasifu tindikali. Tofauti ni kwamba hapa kuna mtu anayepima, anayelinda fizi, na anayejua aache wakati gani. Madoa ya juu juu huondoka papo hapo. Yaliyozama hupauka tu.

Njia ya pili ni kung'arisha. Daktari huchukua umbo la meno yako, anatengeneza trei laini inayoyakaa barabara, anakupa jeli ya kung'arisha. Jeli iliyozoeleka ni ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, na unalala nayo usiku. Mtu mwenye meno ya njano ya kawaida huona tofauti ndani ya wiki mbili. Sisi wa floridi tunahitaji muda mrefu zaidi, wakati mwingine miezi, na mwanzoni yale mawingu meupe huonekana meupe zaidi kuliko mwanzo, mpaka mtu anaogopa. Hutulia. Meno yanaweza kufa ganzi ukinywa maji baridi. Punguza usiku wa kuvaa, tumia dawa ya meno ya kupunguza ganzi, itapita. Jeli haing'arishi meno ya bandia wala sehemu iliyozibwa, kwa hiyo kama una jino la mbele lililozibwa zamani, mwambie daktari kabla.

Siku hizi hata saluni zinang'arisha. Mteja anakaa, anawashiwa taa ya buluu, anapakwa kitu kisichojulikana nguvu yake. Ulaya sheria imeweka kwamba jeli inayozidi kiasi kidogo sana cha peroksaidi ipitie mikononi mwa daktari wa meno, na isitumike kwa walio chini ya miaka 18. Kwetu, linda fizi zako mwenyewe: anayetaka kukupaka muulize ni nini na ni asilimia ngapi. Akijibu "ni ya Marekani", nyanyuka.

Mimi nilibaki na meno mawili yenye vishimo. Hayo yalijazwa kwa kompoziti, ile plastiki ngumu ya rangi ya jino inayotumika pia kuziba. Inawekwa kwa mkono, inagandishwa kwa taa, inasuguliwa ikang'aa. Mara nyingi jino halichongwi kabisa au huguswa kidogo tu. Ubaya wake: hudumu miaka michache, mitano au zaidi kidogo ukiitunza, hunyonya rangi ya chai na sigara, na kwenye enameli yenye floridi nyingi haishiki vizuri sana, daktari lazima aiandae kwa uangalifu. Uzuri wake ni kwamba ikimeguka inarekebishwa siku hiyo hiyo, kwa bei ya kawaida.

Kisha kuna vinia, ambazo ndizo kila mtu anazitaka kwa sababu ndizo zinazotangazwa. Vinia ni kigamba chembamba cha kauri kinachogandishwa mbele ya jino, mfano wa kucha ya bandia, isipokuwa hakibanduki ukichoka. Ili kikae bila meno kuonekana yamefura, daktari huchonga takriban nusu milimita ya enameli. Haioti tena. Kauri nzuri hudumu miaka kumi na zaidi, halafu hubadilishwa, na itabadilishwa tena. Binti wa miaka 22 anayeweka vinia leo anasaini gharama za maisha yake yote. Kwa mtu ambaye enameli imekwisha banduka, vinia ni jambo la heri, wala sitamkatisha tamaa. Kwa mwenye mistari myeupe ni kuchonga jino lenye afya.

Tofautisha vinia na krauni, maana kuna kliniki zinaita vyote jina moja. Krauni, wengine huiita kofia, huvikwa jino zima, na ili ivae jino huchongwa pande zote mpaka libaki kisiki. Wengi wanaopiga picha za "meno ya Uturuki", yale meupe pepe waliyotengenezewa huko, wamevikwa krauni kwenye meno mazima yasiyo na ugonjwa. Jino lililochongwa hivyo linaweza kufa mshipa wake baadaye, ukaingia kwenye matibabu ya mzizi. Binamu yangu alipewa mpango wa krauni ishirini kwenye kliniki moja nisiyoitaja. Alipoenda kwingine kuuliza, akaambiwa anachohitaji ni kusuguliwa na kujazwa meno manne.

Kwa hiyo ukikaa kwenye kile kiti, uliza kwa adabu lakini uulize: daktari, utachonga kiasi gani? Kuna njia isiyochonga? Ikiharibika baada ya miaka mitano nitalipa nini? Bei ni ya jino moja au ya yote? Naomba nione picha za wagonjwa wako wenye meno ya floridi, si ya watu wa mtandaoni. Asiyependa maswali hayo hakufai. Hakikisha pia amesajiliwa, Tanzania Bara ni kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni kwa KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno la huko. Wapo wanaotembea na vinia za kubandika kwenye mfuko, wanabandika sebuleni kwa gundi wasiyoisema. Chakula huoza chini yake na jino linafuata. Na usitegemee bima. Nyingi hulipa kung'oa na kuziba, urembo ni mfukoni mwako.

Meno yangu leo si meupe kama ya matangazo. Ukiyakaribia utaona mawingu. Yananitosha, na ni yangu karibu yote. Utunzaji wake ni wa kawaida: nimepunguza kunywa chai ya sukari kidogo kidogo asubuhi nzima, maana kinachoozesha ni sukari inayorudi mdomoni kila mara kuliko ile inayoliwa mara moja na mlo. Nikila ndimu au kunywa soda nasubiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Sigara na kuberi, ile tumbaku ya mdomoni, kama unatumia, rangi yote uliyoilipia itarudi, na fizi zitaondoka nayo.

Lililobaki ni la watoto, na hilo halihitaji kliniki. Kuchemsha maji hakutoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, inayobaki inazidi kukolea. Maji ya mvua karibu hayana floridi, hivyo tangi la kuvunia mvua, hata kama linatosha kunywa na kupikia tu, ni la maana kuliko vinia. Pale Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floridi, na wamefanya kazi miaka mingi na vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe; vinafanya kazi, mradi mkaa ubadilishwe ukichoka. Toa chakula cha mtoto kabla hujatia magadi kwenye chungu, au loweka maharage usiku kucha uyaache magadi dukani. Dawa ya meno kwa aliye chini ya miaka mitatu iwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita iwe kiasi cha njegere, umsimamie ateme. Bibi atalalamika kwamba makande hayajaiva vizuri. Ongeza kuni.