Mbwa anapotetemeka, usikimbilie blanketi

Ilikuwa Mei, mvua ya masika ikipiga siku ya tatu mfululizo hapa Mishomoroni, Mombasa, nilipomkuta Malkia kando ya jiko akitetemeka. Ni mbwa mdogo, chotara, hanifiki hata goti, na alikuwa ananyonyesha watoto sita wa wiki tatu. Sikufikiri mara mbili: baridi. Nikamfunika leso mbili na blanketi, nikamsogezea watoto wapashane joto. Yote mawili yalikuwa makosa, na yangeweza kumuua.

Aliyenishtua ni jirani, mzee ambaye mtaa mzima tunamwita Ami. Ni mtu wa dini na mbwa hamgusi, lakini ana jicho. Alisimama mlangoni na mwavuli wake, akatazama, akaniuliza, "Mwanangu, kama ni baridi, mbona anahema ulimi nje?" Ndipo nikatia mkono chini ya blanketi. Malkia alikuwa anawaka. Nilipomsimamisha, miguu ilikuwa imekakamaa, anatembea kama aliyevaa mitalawanda, na misuli ya uso inamrukaruka.

Tuk-tuk ya kwanza ilikataa kumbeba mbwa. Ya pili ilikubali Ami alipotoa gunia la kutandika kitini. Kwa daktari wa mifugo, Nyali, nikaelezwa kwamba kalsiamu imepungua katika damu. Mama anayenyonyesha huitoa kwa maziwa haraka kuliko mwili unavyoweza kuirudisha, na misuli ikiikosa haitulii tena. Huwapata zaidi mbwa wadogo wenye watoto wengi, hasa wiki nne za kwanza baada ya kuzaa. Kutetemeka huko kunazalisha joto, kwa hivyo blanketi langu lilikuwa linamzidishia moto, na kila mtoto aliyenyonya alimpunguzia kalsiamu zaidi. Daktari alimtia dawa kwenye mshipa polepole, huku anasikiliza moyo, maana ikiingia kwa kasi moyo unaweza kusimama. Haikuchukua muda mrefu Malkia akainua kichwa, akanitafuta kwa macho. Nililia pale pale mbele ya watu.

Nimeulizwa mara nyingi tangu hapo kama basi mbwa mwenye mimba apewe vidonge vya kalsiamu mapema. La, usimpe bila daktari. Mwili ukizoea kuletewa kalsiamu kwa mdomo, unakuwa mzito kuichota kwenye mifupa siku unapoihitaji ghafla. Mpe chakula kizuri, inatosha.

Siku hizi mbwa akitetemeka naanza kwa kumshika. Joto lake la kawaida liko kati ya digrii 38 na 39 hivi, juu ya letu, kwa hivyo kiganja peke yake kinadanganya. Kipimajoto cha njia ya haja kubwa ndicho kinachosema kweli. Kisha nainua mdomo niangalie ufizi. Wa waridi ni sawa. Ukiwa mweupe, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, na mbwa amekataa chakula, wazo langu la kwanza ni homa ya kupe. Pwani yetu ni joto na unyevu, kupe wanastawi mwaka mzima, nao hujificha ndani ya masikio na katikati ya vidole. Homa hiyo inatibika ikiwahiwa. Ikiachwa inakula damu.

Hapo hapo kuna hatari nyingine. Wengi wetu tunanunua dawa ya kuogeshea ng'ombe na kumwogesha nayo mbwa kwa kukadiria. Ikizidi, mbwa anatetemeka, anatoka mate, anayumba. Pima kama kibandiko kinavyosema, na kama dawa haikuandikwa kwamba ni ya mbwa, iache. Sumu ya panya na dawa za kunyunyizia wadudu ni vivyo hivyo: ukishuku amekula, chukua pakiti yenyewe uende nayo kwa daktari, usipoteze muda kumnywesha maziwa.

Mtoto wa mbwa anayetetemeka na kulegea huenda amekaa na njaa muda mrefu, sukari imeshuka. Mpake asali kidogo kwenye ufizi huku mkienda kwa daktari. Misuli ikimrukaruka hata akiwa usingizini, na kabla ya hapo alikuwa na makamasi na tongo, huenda ni distempa, ugonjwa ambao chanjo huzuia na ambao ukishamwingia hauna dawa ya kuuua. Mbwa mzee naye anaweza kutetemeka miguu ya nyuma kwa udhaifu au maumivu ya viungo.

Halafu kuna hofu. Radi za masika, fataki za Diwali na za mwaka mpya, huwatetemesha mbwa wazima kabisa. Utaambiwa usimbembeleze, utamzoesha uoga. Mimi sikubaliani: hofu si tabia anayojifunza kwa kupapaswa. Mwache aingie chini ya kitanda, funga madirisha, washa redio, kaa naye.

Anayetetemeka akiwa na fahamu atageuka ukimwita. Akiwa ameanguka, miguu inapiga hewa, anajikojolea na hakusikii, huenda ni kifafa. Ondoa vitu vya kumuumiza, na mkono usiukaribishe mdomoni. Na kama amebadilika tabia, anatoka mate, hawezi kumeza, kaa mbali naye kabisa na uite daktari wa mifugo, kwa sababu huenda ni kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Ukiweza, mrekodi kwa simu. Mara nyingi mtetemeko hukoma mkifika mlangoni kwa daktari, na maelezo ya mdomo hayatoshi.

Malkia hakunyonyesha tena. Watoto tuliwalisha kwa mkono, kwanza maziwa ya watoto wa mbwa, kisha chakula laini. Daktari alinionya kwamba hali ile hupenda kurudi uzazi unaofuata, nikaamua afungwe kizazi. Watoto wote sita walipona. Mmoja, mwenye doa jeupe kifuani, Ami aliniomba mwenyewe, na sasa analinda shamba lake la minazi Kilifi.