Je, molekuli zote tano za maji ya mrututu zimeshikwa na shaba?

SWALI: Katika jaribio la darasani tulipasha moto mrututu (salfeti ya shaba yenye maji), ukapoteza rangi yake ya buluu na kuwa unga mweupe; tulipoudondoshea maji, buluu ikarudi. Fomula yake ni CuSO4·5H2O. Je, molekuli zote tano za maji zimeshikwa na shaba kwa namna moja? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro)

JIBU: Hapana, ndugu mwanafunzi, na fomula hiyo hulificha jambo lenyewe, kwa kuwa huziandika zote tano pamoja. Tangu mwaka 1934, wanasayansi Beevers na Lipson walipoichunguza fuwele ya mrututu kwa eksirei, imejulikana kwamba ni molekuli nne tu zinazoungana na shaba. Oksijeni ya kila mojawapo huichangia ioni ya shaba jozi ya elektroni, nazo hukaa kwenye pembe nne za mraba, takriban nanomita 0.20 kutoka kwenye shaba. Juu na chini ya mraba huo zipo oksijeni mbili za salfeti (ioni ya SO4), ambazo bondi zake ni dhaifu zaidi kwa kuwa ziko umbali wa takriban nanomita 0.24. Kurefuka huko kwa umbo hutokana na elektroni tisa za d (zilizo katika obiti za d) za ioni ya shaba, ambazo haziwezi kugawanyika sawasawa pande zote.

Molekuli ya tano haiungani na shaba kabisa, bali hushikiliwa na bondi za haidrojeni (mivutano dhaifu ya haidrojeni ya maji kuelekea oksijeni za jirani) kati ya salfeti na maji ya jirani. Wengi hufundishwa kwamba ndiyo hiyo inayotoka mwisho mrututu unapopashwa moto, karibu na nyuzi 200 za Selsiasi. Nakushauri usilikubali dai hilo upesi, maana maji yanapotoka fuwele hujipanga upya, na katika chumvi iliyobakiwa na molekuli moja, oksijeni ya maji hayo huunganisha ioni mbili za shaba.

Kuhusu rangi, maji hutenganisha viwango vya nishati vya elektroni za d kiasi cha kuifanya shaba ifyonze mwanga mwekundu, ndiyo maana tunaona buluu. Oksijeni za salfeti peke yake huvitenganisha kwa kiasi kidogo kuliko maji, hivyo ufyonzaji huhamia kwenye infraredi, ambayo macho hayaioni, na unga huonekana mweupe. Amonia huvitenganisha zaidi kuliko maji: ukiizidisha katika myeyusho wa mrututu, utaona buluu iliyokolea sana.