Pensheni Ihame Bila Kupita Mkononi Mwako

Swali: Nilikuwa mtunza stoo katika hoteli moja hapa Malindi kwa miaka 14, na sasa, nikiwa na umri wa miaka 43, nimeacha kazi ili nisimamie duka langu. Akiba yangu ya pensheni ingali katika mpango wa mwajiri. Wakala wa kampuni nyingine ananishauri niombe nilipwe kupitia benki, kisha mimi mwenyewe nizipeleke pesa kwao. Je, njia hiyo ni sawa?

Jibu: Ndugu yangu, kuhamisha akiba ni haki yako, lakini njia uliyoelekezwa siiafiki hata kidogo. Pesa za pensheni zinapotoka katika mpango uliosajiliwa kwenda katika mpango mwingine uliosajiliwa, wadhamini wa mpango wa zamani, yaani wanaousimamia kwa niaba ya wanachama, huzipeleka moja kwa moja kwenye mpango mpya, na uhamisho wa namna hiyo haukatwi kodi. Zikishaingia katika akaunti yako ya benki huhesabiwa kuwa umejitoa, na kwa kuwa hujafikia umri wa kustaafu wala hujatimiza miaka 20 ya uanachama, zitatozwa kodi, na kilichokatwa hakitarudi hata ukipeleka salio lote kwa wakala siku hiyo hiyo. Isitoshe, michango ya mwajiri hailipwi yote kabla ya umri wa kustaafu, kwa hiyo akiba yako ingegawanyika, nusu huku na nusu kule.

Anzia kwenye mpango mpya. Hakikisha kwanza kwamba umesajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu (RBA), iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1997, kisha jiunge na uombe barua ya kukubali kupokea akiba yako, yenye namba ya usajili na akaunti ya benki inayotunza mali ya mpango. Barua hiyo iambatanishe na ombi lako kwa wadhamini wa zamani, pamoja na nakala ya kitambulisho na cheti cha PIN. Wakala hapokei pesa za pensheni. Akikupa akaunti yake binafsi au namba yake ya simu ili ulipie huko, simamisha shughuli papo hapo na uwaarifu RBA.

Kabla ya kutia saini, waulize wadhamini iwapo akiba yako iko katika mfuko wenye dhamana ya kampuni ya bima. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi hupoteza hapa bila kujua: mfuko wa aina hiyo hutangaza faida mara moja kwa mwaka, baada ya hesabu kufungwa, na anayeondoka katikati ya mwaka mara nyingi hupewa kiwango cha faida cha muda tu ambacho huwa chini ya kile kitakachotangazwa. Mikataba mingine pia huweka makato kwa anayehama mapema. Waombe wakuandikie kiasi utakachohamisha leo na kiasi ambacho ungehamisha baada ya faida ya mwaka kutangazwa. Tofauti ikiwa kubwa, ni heri kusubiri miezi michache. Ulizia pia ada za mpango mpya, kwa kuwa ada ya kila mwaka hutafuna akiba kwa miaka yote iliyobaki.

Kuna jambo jingine ambalo jamaa zetu wa Pwani hulikosea. Orodha ya wateule, yaani watu wa kulipwa akiba yako ukifariki, uliyoijaza hotelini haikufuati katika mpango mpya, hivyo lazima ujaze nyingine. Mafao ya mwanachama aliyefariki hulipwa wateule wake na hayaingii katika mirathi, kwa hiyo usidhani kwamba Kadhi atayagawa pamoja na duka na shamba. Aliyesahauliwa katika fomu hiyo, awe mke au mtoto, huenda akapata taabu kubwa.

Michango yako ya NSSF haihamishiki kwa njia hii, itabaki huko. Ukianza kuchangia mpango mpya kutokana na mapato ya duka, weka risiti zote, kwa maana tangu mwisho wa Desemba 2024 mchango wa hadi shilingi 30,000 kwa mwezi hutolewa katika mapato kabla ya kodi kukadiriwa.