Barua kwa mwanangu: hizo gari zilikuwa zinafanya nini mwaka jana?

Mwanangu,

Meseji yako nimeipata. Unauliza kati ya ile Mazda MX-5 ya 1992 na ile Porsche 944 ya 1986 ni ipi inafaa kwendea kazini kila siku, maana bei zimekaribiana na wenye gari wote wawili wanakupigia simu. Nitakujibu, ila kwanza kuna kitu hukukiandika. Hizo gari zilikuwa zinafanya nini mwaka jana? Kilomita umeniandikia hadi tarakimu ya mwisho, asante, mimi siulizi kilomita. Nauliza zilikuwa barabarani au zilikuwa zimefunikwa?

Msimamo wangu unaujua, umekua nao: gari ikilala haipumziki, inaoza. Watu wakiona gari ya spoti ya zamani yenye kilomita chache wanachanganyikiwa kabisa, wanalipia zaidi, wakati huko ndani petroli imechacha kwenye tangi, mafuta ya breki yamenyonya unyevu, kaliperi zinazobana breki zimeshika, sili zimekauka na mipira yote imeanza kupasuka vinyufa vidogo ambavyo mpaka uikunje ndo unaviona. Gari inayowashwa kila asubuhi ikapata moto vizuri, oili ikazunguka, maji yakakauka kwenye ekzosti, hiyo ikiwa na ugonjwa inakwambia mapema, inalia kidogo leo na wiki ijayo iko kwa fundi. Kwahiyo wanaokwambia gari za aina hii ni za Jumapili tu, mimi siko nao. Kila siku ni sawa kabisa. Labda kama kazini kwenyewe ni dakika tano, hapo injini haipati moto hata siku moja na ni afadhali utembee kwa miguu.

Sasa unajua naelekea wapi. Ndiyo, ile 944 ya baba yako.

We ulikuwa mdogo, unachokumbuka ni kwamba tulichelewa harusi ya shangazi yako, basi. Mimi nakumbuka kuanzia siku tuliyoenda kuiangalia. Yule mwenye gari akavua turubai taratibu, kona moja baada ya nyingine, alijua anachofanya, gari nyekundu inang'aa, akawasha taa zikainuka kwenye bonati na baba yako akawa kwisha habari yake. Mimi nikainama kwenye tairi. Zilikuwa nene, meno yote yapo, nyeusi tii, nikasoma ile namba ya DOT pembeni, tarakimu nne za mwisho, mbili ni wiki na mbili ni mwaka, tairi zimepita miaka kumi. Yaani hazijaisha kwa sababu hazijaenda popote. Nikanyanyuka nikamuuliza, mkanda wa taiming ulibadilishwa lini? Akamgeukia baba yako, sio mimi, akasema bosi, hii gari haijatembea, mkanda utachakaa na nini? Wakacheka. Wote wawili mwanangu, na huyo mmoja wao nimezaa naye.

Ngoja nikueleze kwa nini niliuliza, maana na wewe utauliza swali hilohilo Jumamosi. Mkanda huo ndo unaozungusha shafti ya valvu iende sawa na pistoni, na ni mpira, na mpira unazeeka kwa kalenda hata kama kilomita hazisogei. Kwenye 944 ukikatika, shafti ya valvu inasimama lakini pistoni bado zinapanda, zinakutana na valvu zilizobaki wazi, zinazipinda. Na iko mikanda miwili pale mbele, huo wa taiming na mwingine wa zile shafti mbili za kutuliza mtikisiko wa injini, huo wa pili ukikatika unaweza kujisokota ukaondoka na mwenzake. Wanaozijua hizi gari wanabadilisha kila miaka minne au mitano, hata kama gari ilikuwa imesimama. Alafu za kabla ya 1987, kama hiyo yako, hazina kikazio cha kujikaza chenyewe, mkanda unakazwa kwa mkono na kupimwa kwa kifaa chake, kwahiyo fundi akikwambia anakadiria kwa kidole, chukua ufunguo wako uende.

Basi siku ya harusi. Tuko barabara kuu, nimevaa nimependeza, zawadi iko kwenye buti, we nyuma kwenye kile kisiti cha mtoto. Hakukuwa na kishindo wala moshi. Injini ilikata tu, baba yako akakanyaga klachi akaachia gari ijivute mpaka pembeni, akajaribu kuwasha. Mlio ule sijausahau. Stata ilizunguka haraka, nyepesi mno, haina mzigo wa kusukuma, wiiiii, na yeyote aliyewahi kushika gari akiusikia mlio huo anajua kwamba ndani hakuna kinachobana. Baba yako alizima, akaniangalia, akafungua redio. Sijui kwa nini alifungua redio. Tulifika ukumbini juu ya lori la kuvutia magari watu wakiwa wanaondoka, na kwenye albamu ya shangazi yako picha zote ukizipitia sisi hatumo, na yeye kila tukikutana lazima ataje, anataja kwa kucheka lakini anataja.

Fundi alipotoa kichwa cha injini alizipanga zile valvu juu ya kitambaa, ukizitazama kwa upande unaona zimelala. Gharama ilikaribia bei tuliyonunulia gari nzima. Yule mwenye gari baba yako alimpigia, akasema mlinunua ilivyo. Na kweli tuliinunua ilivyo, karatasi tulisaini, hapo hakutudanganya, hicho ndicho kinachoniudhi zaidi.

Ila subiri, usije ukadhani nakwambia usinunue 944. Maana kilichofuata wewe ulikuwa hukijui: kulipia ile injini tuliuza ile gari yetu nyingine, saluni ya kijivu niliyokuwa naendea kazini, kwahiyo 944 ikabaki gari pekee ya nyumba na mwenye kazi ya mbali nilikuwa mimi. Nikapewa ufunguo. Hakuna mvua wala foleni iliyonizuia, nilienda nayo kila siku ya Mungu, na gari ileile iliyotuangusha ikiwa ya Jumapili haikuwahi kuniacha njiani ilipokuwa ya kila siku. Nimeshasema, ikilala haipumziki! Giaboksi yake iko nyuma, injini mbele, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu, ukiingia kona inakaa, hairuki ruki, inakaa, na mguu wa kulia ukiuongeza kidogo unahisi mgongo wote wa gari unasogea na wewe. Nyuma kuna kioo kikubwa kinachofunguka, niliingiza humo vitu ambavyo saluni ilivikataa. Watakuja wa kukwambia sio Porsche kamili, kwamba 924 iliyoizaa ilianza kama mradi wa Volkswagen. Ni kweli ilianza hivyo, na waache waseme, wengi wao hawajawahi kuiendesha. Niliipenda ile gari, baba yako hajui ni kiasi gani.

Kwahiyo 944? Hapana, hebu tulia. Klachi. Klachi ya 944 iko mbele kwenye injini lakini giaboksi iko nyuma na katikati kuna bomba refu lenye shafti ndani, kuifikia klachi inabidi ushushe ekzosti, ushushe giaboksi, urudishe hilo bomba nyuma. Spea yenyewe haitishi, ni masaa ya fundi ndo yanakula mshahara. Na diski nyingi za zamani zina mpira katikati, unajua nitasema nini kuhusu mpira. Kwahiyo kama huyo mtu ana risiti za mikanda yote miwili na klachi, zenye tarehe na kilomita, hiyo ni gari tofauti kabisa na ileile isiyo na risiti, hata kama zinafanana rangi.

MX-5 upande huo ina raha zaidi. Zimetengenezwa zaidi ya milioni moja tangu 1989, 944 ni kama laki moja na elfu sitini na kitu tu, hiyo peke yake inakuonyesha nani atapata spea kirahisi. Yenye injini ya lita 1.6 mkanda ukikatika injini inazima na inaishia hapo, pistoni hazifikii valvu, unaweka mkanda mpya unaendelea na safari zako (wakati naandika hivi baba yako amepiga kelele kutoka chini ya gari "lakini ina nguvu za farasi 115 tu!", nimemwambia na uzito wake hata tani haifiki, kanyamaza). Zile za mwanzo kabisa, hadi katikati ya 1991, zilikuwa na tatizo la kranki, ile shafti kuu ya injini, yenye pua fupi, pale puli inapofungwa panalegea na kula chuma, ya 1992 imeshapita hapo.

Adui yake ni kutu. Na ni kutu ya siri. Nyuma ya siti, pande zote mbili, kuna vitundu vinavyotoa maji yanayoteremka kutoka kwenye paa lake la turubai la kukunja, vikizibwa na majani na uchafu maji yanaingia kwenye yale maboksi ya chuma chini ya milango, yanakaa humo, yanakula kuanzia ndani kwenda nje. Ukiona rangi imevimba karibu na tairi la nyuma ujue ndani pameisha zamani. Chukua sumaku, ifunge kitambaa chembamba usikwaruze gari ya watu, pitisha hapo chini pole pole. Isiponata hapo kuna puti, ule uji mgumu wa kuzibia bodi, na aliyepaka puti alikuwa anajua anaficha nini. 944 bodi yake imepakwa zinki kiwandani, kutu hapo haisumbui sana, unaona sasa, kila nikiegemea upande mmoja upande wa pili unanivuta.

Alafu kuna jambo ambalo mimi kama mama siwezi kuliruka. Hiyo 944 ya 1986 haina mifuko ya hewa. MX-5 inategemea ilipouzwa, nyingine hazina pia, na gari yenyewe iko chini hivyo kwamba ukisimama karibu na gari kubwa za siku hizi macho yako yanakutana na nati za tairi. Mwenye gari kubwa akibadilisha njia hakuoni. Taa washa hata mchana, na usiniambie ni ushamba. Nimewaza sana kama nikushauri ununue kitu kipya chenye vipuli vyote vya usalama, alafu nikakumbuka nilikubeba nyuma ya 944 miaka yote ile na sikuona tatizo, kwahiyo sina mdomo. Lakini nimesema.

Na kazini, una njia ya pili ya kufika? Hili ndo swali lako hasa, hukujua tu kulitunga. Gari ya zaidi ya miaka thelathini hata iwe nzuri vipi kuna siku itakaa gereji ikisubiri kipuli, hiyo lazima iwemo kwenye hesabu. Kama kuna basi, au baiskeli, au mwenzako wa kukupitia, basi nunua kwa amani. Kama huna na bosi wako ni yule uliyenisimulia, hapo hata MX-5 itakufukuzisha kazi. Weka akiba pembeni kabla ya kununua. Usitumie hela yote kwenye bei ya gari, sehemu kubwa ibaki kwa ajili ya mwaka wa kwanza, mikanda, tairi, mipira ya maji, mafuta ya breki, hivyo vyote badilisha hata kama muuzaji ameapa.

Unataka niseme moja. Kinywa kinaniwasha. Kichwa changu kinasema Mazda na mguu wangu wa kulia unasema kitu kingine, na wewe umerithi mguu. Siamui mimi, atakayekaa nayo pembeni ya barabara ni wewe. Lakini kama ingekuwa… basi, nimenyamaza.

Leo jioni wapigie wote wawili waambie wasiwashe injini kabla hatujafika. Ukifika gusa bonati kwanza, ikiwa na joto jua kuna kitu walitaka usikione ikiwaka baridi. Ikiwaka angalia nyuma, moshi wa bluu ni oili inaungua, mweupe usioisha wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanaingia ndani. Ila kabla haijawashwa, ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha oili, na kwenye 944 fungua na kile cha maji, maana sili za kupoza oili zikichoka oili na maji vinachanganyika, utaona utando wa rangi ya maziwa. Nitumie picha za risiti usiku huuhuu, zikiwepo. Jumamosi nakuja na sumaku na tochi, baba yako naye atataka kuja, aje. Ila nikiuliza swali na muuzaji akamgeukia yeye kumjibu, tunaondoka hapohapo, hata kama taa zinainuka.

Mama yako