Jibu: Wiki mbili nje ya nchi na begi moja la mkononi

Inatosha kabisa, mkuu. Umeuliza kama begi la mkononi litakufikisha wiki mbili. Kinachojaza begi mara nyingi si nguo, ni viatu. Jozi nzito vaa safarini, nyingine nyepesi pakia, basi. Ya tatu iache hata kama unaipenda vipi.

Nguo beba za siku tano, utafua. Shati jepesi ukishalifua usiku, lilaze juu ya taulo kavu, vikunje pamoja, kisha kanyaga kanyaga. Taulo linanyonya maji mengi, ukilitundika shati asubuhi unavaa. Jinzi ya pili sahau, hiyo hukauka kwa kinyongo.

Vimiminika: viwanja vingi vya ndege bado vinataka kila chupa isizidi mililita 100, zote kwenye mfuko wa lita 1 unaoonyesha ndani. Chupa ya 200 iliyobaki robo wataichukua tu, wanaangalia ujazo wa chupa. Pawabenki isiende kwenye mzigo unaowekwa tumboni mwa ndege, hairuhusiwi.

Halafu pima begi kabla ya kutoka. Mashirika kadhaa mwisho wao ni kilo 7. Likizidi kidogo, vaa koti, chaja tia mfukoni.